Maji ya Ukutani

Saa tatu kamili asubuhi mpima mvua alimimina maji ya jana kwenye bomba la kioo, akaliinua usawa wa macho na kusoma. Milimita kumi na nne. Akaandika kwenye fomu, kisha akayamwaga maji kwenye shina la mpapai. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na miwili, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kila mwisho wa mwezi alipeleka fomu ofisi ya mji, nazo zilipigwa muhuri na kufungiwa kabatini.

Fomu zote zilisema jambo moja. Mvua iliyozoea kugawanyika kwa wiki mbili sasa ilishuka kwa alasiri moja. Na kijito kilichotakiwa kuyapokea maji hayo kilikuwa kimebanwa na kifusi, na juu ya kifusi diwani alikuwa amejenga ghala. Mpima mvua alipiga hesabu mara tatu. Ikinyesha milimita tisini kwa siku, nyumba za mtaa wa chini zingejaa maji hadi kifuani. Nyumba ya mwisho, iliyopakana na kijito, ilikuwa ya mama yake. Miguu haikumbeba tena, na kuhama alikataa.

Hesabu hizo alizisoma kwenye mkutano wa mtaa. Watu walisikiliza kwa adabu. Fundi cherehani alisinzia.

"Namba zako ni nzuri, dada," mwenyekiti alimwambia baadaye, "ila hazina uso."

Jioni ile alikwenda kwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyechora mabango ya vinyozi na maduka ya saruji. Hawakuwa wakipikika chungu kimoja, hasa tangu walipogombana kuhusu nani akae na mama.

"Wifi, nichoree maji."

"Maji gani?"

"Yatakayokuja. Kwenye ukuta wa zahanati. Urefu nitakupa mimi, usizidishe hata kidole."

"Tangu lini mimi nikazidisha?"

"Kinyozi wa sokoni ulimchorea kichwa kimoja chenye nywele za watu watatu."

"Na alifurahi." Mchoraji alikuwa anaosha brashi. Akasita. "Mama akiwa kitandani, yanamfika wapi?"

"Yanampita."

Mchoraji hakutania tena. Asubuhi alibeba ndoo ya rangi ya bluu akaenda zahanati, akachora kwa siku mbili.

Siku ya tatu muuguzi aliona kuwa rangi haijakauka. Siku ya nne wagonjwa walioegemea ukuta waliondoka wamelowa hadi kifuani. Maji yalikuwa ya baridi, yakitikisika taratibu upepo ulipopita, wala hayakumwagika sakafuni. Muuguzi alihamishia benchi upande wa pili. Lakini wenye homa walipenda kukaa karibu, maana mlio wa maji uliwaletea usingizi, na waliosinzia pale waliota ndoto moja: wanatembea polepole ndani ya nyumba zao, sufuria zikielea kama bata, na hakuna mwenye haraka.

Wiki haijaisha, wakaonekana samaki.

"Hawa sikuwachora mimi," mchoraji alisema.

"Basi wamekuja wenyewe," alijibu mpima mvua, akaandika idadi yao.

Fundi cherehani alikuja na futi yake ya kazini. Akapima kutoka sakafuni hadi usawa wa maji, akapima tena. "Hapa ni juu ya cherehani," akasema, akakunja futi. Kesho yake alishuka kijitoni na jembe. Wakamfuata fundi baiskeli, wauza mboga, na muuguzi siku yake ya mapumziko. Walitoa magodoro, matairi na plastiki, wakazibua mkondo, wakapanda matete na mianzi kingoni. Mpima mvua aliwaeleza kwa nini maji yaliyopata njia na mizizi hayana pupa. Safari hii hakuna aliyesinzia.

Kila jioni maji ya ukutani yalikuwa yameshuka vidole viwili. Haba na haba hujaza kibaba, watu walitaniana, ila ya kwetu inakipunguza. Yakashuka tumboni, yakashuka kiunoni, yakafika magotini. Hapo yakasimama. Walichimba siku kumi na moja zaidi na hayakusogea. Kila mtu alijua sababu: majembe yalikuwa yamegonga msingi wa ghala.

Walikwenda ofisi ya mji na fomu zote. Ofisa akatumwa kuangalia. Alizamisha mkono ukutani hadi kwenye kiwiko, akaufuta kwa leso, akaandika kuwa ukuta una unyevu, akaagiza upakwe chokaa. Chokaa ilitanda kidogo kama maziwa kwenye chai, ikatuama chini. Samaki waliendelea kupita. Diwani naye alifika, akawasifu samaki, akapigwa picha mbele yao. Alipoulizwa habari ya ghala, alisema lina kibali.

Mvua ilishuka alasiri ya Alhamisi. Milimita tisini na moja. Maji yaliingia mtaa wa chini, yakapanda hadi magotini, yakatulia hapo kama yalivyoonyeshwa. Hakufa mtu. Cherehani ilibaki mezani, kavu. Katika nyumba ya mwisho, mawifi wawili walikuwa wamekiinua kitanda cha mama juu ya matofali tangu asubuhi, na sasa walikaa juu yake pamoja naye, huyu kichwani, huyu miguuni, maji yakipita chini yao bila kelele.

Mama aliteremsha mkono majini, akauacha humo.

"Msingechimba ingekuwaje?"

"Yangekupita, mama," mchoraji alisema.

"Na lile ghala?"

"Lipo," alisema binti yake. "Jana wamemwaga kifusi kingine upande wa nyuma."

Samaki mdogo alipita katikati ya vidole vya mama, na yeye akampisha.

"Basi maji yakishuka," akasema, "niongezeeni matofali."