Bahasha ya Mwaka wa Nafasi ya Tisa

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Aprili, saa tano kasorobo asubuhi. Mvua yenye chembe za theluji ilipiga madirisha ya baa ya Roland mjini Luxemburg, Wisconsin. Ndani, televisheni ilisubiri raundi ya nne ya uteuzi wa wachezaji wapya wa futiboli ya Kimarekani, siku ya tatu, ambapo timu hugawana vijana wa vyuoni wasiojulikana hata na majirani zao.

Mimi ni Marlys Baudhuin. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na ndiyo maana familia ya Jadin ilinikabidhi bahasha. Desturi yao ni rahisi. Kila mwaka, uteuzi unapokwisha, Clayton Jadin na mdogo wake LaVonne humpa meneja mkuu wa timu yetu alama, A hadi F, kila mmoja kwa siri. Ninazifunga katika bahasha ya mwaka huo. Baada ya miaka mitatu, wachezaji wakiwa wameshapimwa uwanjani, ninafungua na kutoa alama yangu. Aliyeikaribia hupata viti viwili vya msimu alivyoviacha marehemu baba yao, katika mechi ya kwanza ya msimu. Mechi nyingine hugawana bila ugomvi. Hiyo ya kwanza hawagawani.

Clayton alikuwa ameshinda miaka kumi na moja mfululizo. LaVonne hakuwa ameiona mechi ya kwanza tangu baba yao afariki. Mwaka huu alikuwa ameshaomba ruhusa katika kiwanda cha jibini anakofanya kazi, kwa wikiendi nzima ya Septemba.

Nilifungua bahasha ya miaka mitatu iliyopita. Clayton: F. LaVonne: B.

Clayton alicheka hadi brandi ikamwingia puani. Alitukumbusha mambo yalivyokuwa. Mwaka ule meneja Garrick Teasley alikuwa na nafasi ya tisa ya kuchagua, na mdakaji bora wa pasi nchini alikuwa bado hajachukuliwa. Teasley akaiuza nafasi hiyo kwa timu nyingine, akapewa nafasi mbili za chini. Mji mzima ulimzomea.

"Soma orodha, Mwalimu," Clayton alisema.

Nilisoma majina sita. Mpiga mateke aliyekosa goli mara tatu katika mechi moja sasa anauza magari Iowa. Wawili waliachwa. Mmoja ana goti lisilopona. Wawili wanacheza, bila kusifiwa wala kulaumiwa.

"Hiyo F niliitoa kwa huruma," Clayton alisema. "Dada, nitakuletea soseji kutoka uwanjani. Zitafika zimepoa, lakini zitafika."

Nilikuwa nimeshaandika D. LaVonne hakubishana. Aliniomba tu niangalie nafasi ya tisa ilibadilishwa na nini hasa. Nilifungua daftari langu. Nafasi moja ilikuwa ya mwaka uleule, na ilimleta yule mwenye goti. Ya pili ilikuwa ya mwaka uliofuata. Ilimleta Tavion Oakes.

Oakes ndiye mlinzi aliyewaangusha warushaji wa timu pinzani mara kumi na saba msimu uliopita. Clayton alikuwa amevaa jezi yake.

Clayton alijitetea haraka. Alisema Oakes yumo katika bahasha ya mwaka uliofuata, na kwamba tangu zamani kila bahasha ina majina ya mwaka wake. Hilo lilikuwa kweli. Ndivyo tulivyohesabu siku zote.

"Kaka, tunapima kazi ya meneja au tunapima kalenda?" LaVonne aliuliza. "Ulimpa F kwa kuuza nafasi ya tisa. Biashara uliyoilaani ndiyo uliyoivaa."

"Sikuivaa kwa ajili ya Teasley."

"Basi ivue."

Hakuivua.

Nilikiri kwamba kosa lilikuwa langu pia. Biashara hupimwa kwa yote iliyoyaleta, hata yaliyochelewa mwaka mmoja. Nilifuta D, nikaandika B.

Clayton aliuliza kama Oakes angehesabiwa tena mwakani, kwa kuwa katika bahasha itakayofunguliwa wakati huo alikuwa ametoa A. Nilimwambia mchezaji mmoja hahesabiwi mara mbili.

"Basi A yako imebaki na walinzi wawili wa akiba," LaVonne alisema, "na mmoja aliyeacha mpira akawa mchungaji wa kanisa."

Clayton alifikiri, kisha akaanza kucheka kabla yetu.

"Miaka kumi na moja nimeshinda kwa hesabu mbovu za Mwalimu," alisema. "Kulikuwa na haraka gani ya kuzirekebisha leo?"

LaVonne alimpigia simu mumewe, akamwambia anunue soksi nzito za kwenda nazo uwanjani. Clayton aliagiza sahani ya jibini iliyokaangwa, akaila yote, kisha akamchorea dada yake ramani ya mahali pa kuegesha gari karibu na uwanja. Roland aliongeza sauti ya televisheni. Meneja Teasley aliuza nafasi yake ya raundi ya nne, akapewa mbili za mwakani. Mimi niliziandika zote mbili kwenye ukurasa wa mwaka huu.