Pilau ya Makabidhiano

Mfuko wa pesa alikuwa nao mama. Naimat alitaka kuubeba mwenyewe, lakini mama yake, Bi Kaneez, alimwambia kuwa nyumba iliyouzwa ilikuwa yake, kwa hiyo pesa zitakaa mapajani mwake mpaka Fatiha isomwe, na kama yupo mwizi Karachi nzima mwenye hamu ya kumpapasa ajuza, basi aje. Akaketi ofisini mwa kituo cha mafuta, chini ya feni, amejifunika buibui lake jeusi, mfuko kaukumbatia. Chai aliikataa. Ofisi aliikagua kwa macho kuanzia darini hadi sakafuni.

Kituo kilikuwa pale njia panda ya Golimar, mahali ambapo pikipiki husukumana kwenye pampu tangu alfajiri na madereva wa riksho hutukanana kwa upendo. Naimat alikuwa amemaliza ujana wake akiuza vipuri vya riksho kwenye kibanda ambacho akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na kituo hiki alikitamani mpaka akakonda. Haji Rahimtullah, mwenye kituo, alikuwa anakipangisha kwa kilemba, ile pesa ya kuingilia, kidogo ajabu, kiasi kwamba madalali wengine waliposikia walidhani ni mzaha. Alisema anamfuata mwanawe Dubai, kazeeka, kifua kinambana, hana nguvu tena za kuvutana na watu kwa bei. Na matangi? Haji aliweka mkono kifuani. "Mazima kama siku yalipofukiwa, mwanangu. Mimi na wewe tuna Mungu mmoja."

Mkataba ulikuwa umeshatiwa sahihi, lakini karatasi za Golimar hazimfungi mtu. Wakili hununulika, muhuri hughushiwa, na shahidi akila vizuri husahau. Kinachofunga ni Fatiha. Wakubwa wa mtaa wakikusanyika, wakainua mikono, wakaomba heri, wakajipangusa nyuso, hapo maneno yamekatika. Atakayerudi nyuma hapati tena hata wa kumuuzia chumvi. Na wafanyabiashara wa njia panda ile wana lao jingine: anayetoka huwasha moto wa pilau, anayeingia hupakua, ili mtaa upate kula kwa mikono ya wote wawili. Moto kwanza, Fatiha, swala ya Ijumaa, kisha watu wanarudi kula.

Ndiyo maana Naimat alishangaa, asubuhi ile ya Ijumaa, kumkuta mpishi akisukuma mkokoteni wake kutoka kwenye kichochoro cha nyuma badala ya kuingia. Mpishi alikuwa fundi Chamman, mtu wa maneno mengi na shingo fupi. Juu ya mkokoteni kulikuwa na sufuria lake kubwa, kuni, na gunia la mchele.

"Unakwenda wapi tena, fundi?"

"Muulize huyo Haji wako. Nimefukuzwa kama paka. Eti nikapikie mbele ya msikiti. Kule kuna upepo, kuna mbuzi, na kuna wazee wasiojua hata kumenya kitunguu watakaonifundisha kazi. Mafiga yangu yako huku."

"Kwa nini hataki upike huku?"

"Moshi. Kifua." Chamman akatema mate pembeni. "Harusi za binti zake wote nimezipikia papa hapa, kifua hakikumbana. Lakini tangu Idi ya mwaka juzi, ukimtajia moto kwenye kichochoro hiki anabadilika rangi. Mimi nijue nini? Labda kaota ndoto mbaya."

Alisema kwa utani tu, akashika mkokoteni wake akaanza kusukuma. Naimat alibaki amesimama. Kilemba kidogo. Haraka ya kuondoka. Na sasa mtu mzima anaogopa moto mahali ambapo mtaa mzima umepika miaka nenda miaka rudi.

Aliingia kichochoroni. Mtaro wa maji machafu ulipita pale chini kwa chini, umefunikwa mabamba ya zege, na mafiga ya Chamman yalikuwa juu ya mabamba hayo, meusi kwa masizi ya zamani. Upande wa pili wa ukuta, hatua chache tu, ndipo yalipofukiwa matangi ya Haji. Naimat alipiga magoti, akaweka pua kwenye upenyo kati ya bamba na bamba. Ndiyo, ilinuka petroli. Lakini pale kila kitu kilinuka petroli, hata shati lake. Alinusa tena, akanusa mkono wake, akanusa tena mtaro, mpaka pua ikachoka na asijue ananusa nini.

"Kaka Naimat, umeanza kununua na mitaro?"

Alikuwa Iqrar, dalali aliyewaunganisha na Haji, na miwani yake ya jua kichwani. Naimat alinyanyuka akajipangusa magoti.

"Iqrar, nataka tangi lifunguliwe lipimwe. Leo. Kabla ya Fatiha."

Dalali alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Wewe una wazimu? Imamu yuko njiani. Wazee wa maduka ya vigae wote wanakuja. Usimame mbele yao umwambie Haji aliyekwenda Maka mara tatu kwamba ni mwongo? Akikuumbua, utakwenda kupanga wapi? Hata kibanda chako umeshamwachia mtu."

"Na kama tangi linavuja?"

"Na kama mimi ni nabii? Kaka, mwanamume ukishafika mlangoni na zawadi humwangalii bibi harusi meno. Nenda ukavae kilemba chako, jua linapanda."

Iqrar hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililomuuma Naimat zaidi. Akiomba tangi lifunguliwe, amemtukana mzee mbele ya watu na mtaa utamfungia milango. Asipoomba, Fatiha itasomwa, mfuko utatoka mapajani mwa mama, na nyumba ya mama kule Orangi, yenye mkwaju ambao marehemu baba aliupanda kwa mkono wake, itakuwa imezikwa ndani ya shimo la mafuta. Kisha siku moja mtu atatupa kipande cha sigara mtaroni.

Akapiga moyo konde. Halafu akamkimbilia Chamman, akamkamata kabla hajavuka barabara.

"Rudi, fundi. Panga kuni zako kwenye mafiga yako. Ila usiwashe. Nani anawasha?"

"Anayetoka. Kwani mimi mgeni hapa?"

"Basi mwachie anayetoka."

Chamman aligeuza mkokoteni kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Watu walipoanza kufika, kila kitu kilikuwa tayari kichochoroni. Sufuria lilikuwa juu ya mafiga, kuni zimepangwa chini yake, na watoto wa mtaa walikuwa wamekuja na bakuli zao mapema mno, kama desturi yao, wakajipanga kukaa juu ya mabamba ya mtaro kwa sababu yana ubaridi. Imamu alifika na wazee wanne watano, wakalalamikia bei ya umeme. Bi Kaneez alitoka ofisini akasimama karibu na ukuta, mfuko chini ya buibui. Mwisho akaja Haji Rahimtullah, amevaa nyeupe tupu, tambuu shavuni, akimsalimia huyu, akimkumbatia yule. Akakunja kona ya kichochoro, akayaona mafiga.

Shavu liliacha kutafuna.

"Nani kaleta hili sufuria huku? Nilisema msikitini."

"Ni mimi, Haji," alisema Naimat. "Msikitini kuna upepo. Wazee wasubiri chakula mpaka usiku?"

"Hamisheni. Huu moshi utaniua."

"Haji, utawasha tu kisha ukae ofisini, feni ipo," alisema mmoja wa wazee wa vigae. "Usitucheleweshe, adhana inakaribia."

Naimat alimsogelea. Alitoa kiberiti mfukoni akakishika kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayempa mkubwa wake zawadi. "Wewe ndiye unayetoka, Haji. Tuwashie kwa mkono wako wenye baraka."

Haji alikipokea. Angefanya nini, na macho yote yako kwake? Alikifungua, akatoa njiti, akaitazama. Jasho lilimchuruzika toka chini ya kofia. Pale barabarani honi zilipigwa, mtu akamtukania mwenzake ng'ombe wake, lakini kichochoroni hakuna aliyegeuza shingo. Naimat hakuangalia njiti. Aliuangalia uso wa mzee. Hatawasha, alijiambia. Kama anajua, hatawasha. Na kama hajui, basi hakuna kitu mle chini. Alikuwa ameipiga hesabu hiyo tangu asubuhi na akaiona haina tundu.

"Njiti imelowa," alisema Haji.

"Ipo nyingine," alisema Chamman. "Kimejaa hicho."

Haji akatoa nyingine. Akaiweka ubavuni mwa kiberiti. Akaituliza hapo. Kisha uso wake ukatulia ghafla, akatabasamu, akamgeukia imamu. "Kwani haraka ya nini? Tuanze na jina la Mungu. Tusome Fatiha kwanza, moto tutawasha baadaye."

Imamu, mtu mwema asiyependa mizozo, aliona ni neno zuri. Akainua mikono. Wazee wakainua. Iqrar akainua haraka kuliko wote. Chamman akafuta mikono yake kwenye kikoi, akainua. Haji Rahimtullah aliinua ya kwake, kiberiti kimebanwa kati ya vidole.

Mikono ya Naimat ilibaki inaning'inia.

Hakuna aliyewahi kuona jambo kama lile. Mtu hakatai dua. Mlevi hakatai dua. Minong'ono ilianza, mzee mmoja akasema astaghfirullah, na Iqrar alimkanyaga Naimat mguu huku midomo yake ikisema, inua, mwendawazimu wewe, inua. Naimat aliona aibu mpaka macho yakaingia ukungu. Lakini mikono haikupanda.

"Washa kwanza, Haji," alisema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Ukishawasha, nitainua mpaka kesho."

Imamu alishusha mikono. "Haji," alisema taratibu, "ni moto tu. Mwashie kijana aridhike."

Haji Rahimtullah aliishika ile njiti. Aliangalia kuni, akaangalia mafiga, na macho yake yakateremka hadi kwenye mabamba ya zege, ambako watoto walikuwa wamekaa wakigongesha bakuli zao na kuchekeana. Alisimama hivyo kwa muda mrefu kuliko ambavyo mtu mwenye imani angesimama. Kisha akarudisha njiti ndani, akafunga kiberiti, akakitia mfukoni mwake.

"Waondoeni watoto," alisema.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wazee wenyewe, na ndevu zao, walikimbilia watoto wakawabeba makwapani, bakuli zikianguka. Chamman aliingiza gogo la kuni chini ya bamba moja akalinyanyua. Harufu iliyotoka ilimrudisha nyuma, machozi yakimtoka, na safari hii hakuna aliyehitaji kunusa mara mbili.

"Zimeni pampu," alisema Haji kwa sauti ya kuchoka. Akaenda mwenyewe kuzizima, wenye pikipiki wakimpigia kelele. Aliporudi alivua kofia yake. Alisema alidhani ni kidogo tu. Alisema kuvunja sakafu na kung'oa tangi kungemmaliza, na kwamba kila usiku aliapa ataanza kesho. Mzee wa vigae alimwambia anyamaze, akanyamaza. Iqrar dalali hakuonekana tena siku ile, ila miwani yake ilibaki chini.

Naimat aliketi juu ya gunia la mchele. Imamu alipita akamshika bega. Mwingine akamwambia ameokoa mtaa. Naye alianza kuiamini kidogo, raha ikampanda kifuani, nyumba imeuzwa lakini thamani yake ipo, tangi si lake, aibu si yake. Akamtafuta mama kwa macho.

Bi Kaneez alikuwa bado kando ya ukuta. Alikuwa ameokota bakuli moja la mtoto, la plastiki ya kijani, analifuta vumbi kwa ncha ya buibui.

"Mama, umeona?"

"Nimeona. Ulijua tangu lini?"

"Sikujua. Nilishuku. Tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi." Aliendelea kufuta bakuli ambalo lilikuwa limeshatakata. "Na kama angewasha?"

"Asingewasha, mama. Nilimwangalia usoni. Nilijua hataweza."

Bi Kaneez alimpa mfuko. Ulikuwa na joto la mwili wake.

"Watoto walikaa pale muda wote huo, Naimat," alisema. "Yule mwongo ndiye aliyesema waondolewe."

Kisha akaenda kumtafuta mwenye bakuli.