Waje Kiwanjani Kula

Hii lazima niwasimulie leo leo, maana bado nacheka na kifua kimenijaa!

Hapa Isaka tuna kiwanja cha mpira nyuma ya soko. Miaka mitatu iliyopita kilikuwa jalala. Kikundi chetu, watu kumi na mmoja, tukiongozwa na Mama Asteria, tukazoa taka, tukafyeka, tukapanda miarobaini pembeni na kuimwagilia kwa ndoo kiangazi chote. Sasa watoto wanacheza. Halafu tajiri mmoja wa malori akakiomba apaki magari yake!

Mwenyekiti wa mtaa akasema wananchi wapige kura. Tatizo, mikutano ya huku watu hawaji. Walitakiwa mia, mara mbili wakaja ishirini.

"Jumamosi ndo mwisho," mwenyekiti akasema. "Msipotimia, tajiri anachukua."

Mama Asteria alikonda kwa mawazo. Akanipigia: "Dorah, we si uko kwenye simu kila saa? Andika kwenye magrupu: Jumamosi saa nne, wote waje kiwanjani kula."

Nikaandika kama nilivyosikia. Sisi Wasukuma, r na l kwetu ni kitu kimoja, wala sikushtuka. Nikatuma magrupu tisa, hadi la kwaya.

Jumamosi saa tatu na nusu kiwanja kimejaa! Mabibi, wauza nyanya, wabeba mizigo wa stesheni. Wengine na sahani kabisa! Mzee Bujiku kaja na kijiko mfukoni.

"Mayo, masufuria yako wapi?" akamuuliza Mama Asteria; mayo kwetu ni mama.

"Masufuria ya nini, baba?"

"Si mmetuita kula!"

Mama Asteria akanigeukia. "Dorah. Uliandika nini?"

"Ulichosema, mama! Kula!"

"Kula ya kupiga! Ya kunyoosha mkono!"

Wengine wakacheka, wengine wakasonya. "Wametufanya watoto hawa!" Wakaanza kuondoka.

Mama Asteria akapanda juu ya benchi. "Shikamooni wakubwa. Chakula hamna, nisameheni, ulimi wangu ndo huu. Ila mzee Bujiku, hapo ulipokaa zamani palikuwa na nini?"

Bujiku akatazama chini. "Mbwa aliyekufa. Na chupa."

"Na leo?"

"Leo kivuli." Akacheka mwenyewe. "Haya mayo, tupigishe hiyo ku... kurrrra!"

Kiwanja kizima kikalipuka. Waliokuwa wameshafika barabarani wakarudi mbio.

"Wanaotaka kibaki kiwanja?" mwenyekiti akauliza.

Mikono jamani! Akahesabu, akapotea, akaanza upya. Mia mbili na sita! Wa malori walikuwa wanne, na mmoja akashusha wake baada ya kuona mkewe anamtazama.

Mama Asteria akakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya, akapiga kigelegele peke yake, machozi yanamtoka. Wanawake wakampokea. Nilikuwa narekodi, video yote inatikisika. Bodaboda wakaja kutoka stendi kuuliza nani kaoa.

"Hakuna aliyeoa!" nikawapigia kelele. "Kiwanja chetu kimebaki!"