Mpaka Ulioishia Kwenye Uzio

Ramani ilibandikwa ukutani, na juu yake palichorwa mistari miwili. Wa kijani ulikuwa duara kubwa lililoumeza mji mzima, mashamba ya ng'ambo na barabara kuu. Mwekundu ulikuwa kisanduku kama cha kiberiti, uliuzunguka mtambo wa umeme na kuishia kwenye uzio wake. Mtathmini wa maji aliutazama ule mwekundu mpaka chai yake ikapoa mezani, na kadiri alivyoutazama ndivyo damu ilivyomchemka.

Kazi yenyewe mtu angeieleza kwa dakika mbili. Mtambo ule ulichoma makaa ya mawe, na kwa miaka mingi bomba lake lilikuwa likiutemea mji masizi na moshi wa kuwasha koo. Sasa wenye mtambo walikubali, baada ya kusukumwa sana, kufunga kisafisha moshi. Timu ya tathmini iliajiriwa ipime: kifaa hicho kikifungwa, mazingira yatapata nini na yatapoteza nini. Mtathmini wa hewa alipewa duara la kijani. Yeye wa maji alipewa kiberiti.

"Hebu nieleze kama unavyomweleza mtoto," alimwambia kiongozi wa timu. "Faida tunaihesabu mpaka kule moshi unakofika. Hasara mbona tunaihesabu mpaka kwenye seng'enge?"

Kiongozi huyo walimwita Bwana Mpaka, naye alilipenda jina hilo, maana hakuwahi kujua kwamba lilikuwa la kumcheka. Alikuwa mtu wa shati jeupe lililonyooshwa na sauti ya upole, upole ule wa mtu anayekufungia mlango taratibu usishtuke.

"Mdogo wangu, kila tathmini ina mpaka. Usipouweka, utapima mpaka mbinguni."

"Sijaomba mbinguni. Naomba bwawani."

"Bwawa liko nje ya uzio."

"Ndiyo nasema hivyo! Liko nje ya uzio kwa sababu ndani hapana nafasi. Lakini tope litakaloingia humo linatoka ndani."

"Likishatoka," alisema Bwana Mpaka, "limetoka."

Mtathmini, mwanamke asiyejua kuficha hasira, alihisi angemmwagia ile chai. Kilichomuuma ni kwamba mtu huyu alijua. Wote walijua. Kisafisha moshi hakili sumu, hakuna mashine yenye tumbo la namna hiyo. Kinaunyunyizia moshi chokaa na maji, uchafu unanaswa, na ule uliokuwa unapaa unakuwa tope. Tope lazima liende mahali. Mahali penyewe palikuwa hilo bwawa, shimo litakalochimbwa kwenye mchanga, juu ya mteremko, na chini ya mteremko kulikuwa na bonde, na bondeni visima vya watu. Mchanga haujawahi kuzuia maji tangu dunia iumbwe. Hapo mji ungekuwa umeruka majivu na kukanyaga moto.

Wala hakuwa anakipinga kifaa. Hilo alilisema mpaka likamchosha mdomo. Alitaka jambo moja tu: kabla tope halijamwagwa, shimo lishindiliwe udongo wa mfinyanzi, kisha litandikwe plastiki nzito. Mhandisi wa mtambo alisema hilo litachelewesha ufunguzi, na wageni wa ufunguzi walikwisha kualikwa. Basi. Visima vya bonde zima vilishindwa na kadi za mwaliko.

Na bonde lile hakulijua kwa ramani. Dada yake aliishi huko, dada mkubwa aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemsomesha kwa mikono yake miwili ndani ya beseni. Dada alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba za wageni, makoti ya hospitali, na mashati meupe ya wakubwa wa mtambo, likiwemo la Bwana Mpaka. Kisima kilikuwa uani kwake, hatua chache kutoka mlango wa nyuma, na maji yake yalikuwa laini, yenye kuipenda sabuni. Ndiyo sababu wateja walitoka mbali kumfuata.

Shida yake ilikuwa kukausha. Ukianika shuka nje, jioni unalianua lina madoa meusi kama limetembelewa na nzi. Kwa hiyo Dada alikausha ndani, chumba kimefungwa, kamba zimepishana juu ya kichwa, jiko la mkaa linawaka katikati. Mvuke na moshi wa jiko alivivuta yeye. Akikohoa, alikohoa akiwa ameinama, ameshika ukuta, na mdogo wake akisikia kikohozi kile alitamani kwenda kuling'oa lile bomba kwa meno.

"Hicho kidude mnakifunga lini?" Dada aliuliza Jumapili moja, akikung'uta foronya.

"Karibuni. Lakini Dada, kuna habari ya bwawa."

"Mimi nakuuliza moshi, wewe unanijibu bwawa."

"Tope la moshi litamwagwa hapo juu, na shimo halina chochote chini. Litashuka. Kisima chako hiki..."

"Kisima hiki kilikuwepo kabla yako." Dada alikohoa, akangoja kipite, akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga. "Sikiliza, mama. Nimekausha nguo ndani kama mwizi wa nguo. Kifua kimekwisha. Leo watu wametuletea hewa, na wa kuwachelewesha ni wewe? Damu yangu?"

"Siwacheleweshi. Nataka watandike plastiki."

"Plastiki, plastiki! Basi waambie watandike. Si ndiyo kazi yako?"

Waliachana bila kuagana vizuri, jambo ambalo kwao halikuwa kawaida.

Mkutano wa wananchi ulifanyika katika ukumbi wa shule. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa cha buluu, juu yake ripoti zimepangwa, na nyuma ya meza Bwana Mpaka na mhandisi wa mtambo wakitabasamu kwa zamu. Mtathmini wa maji alichukua nakala, akaenda moja kwa moja kwenye sura yake. Haikuwepo. Kazi yake yote, mashimo aliyochimba na chupa za maji alizobeba mgongoni, ilikuwa imepunguzwa ikawa sentensi moja: *Ndani ya mpaka wa tathmini, hakuna athari kwa visima.*

Aliisoma, akairudia. Kilichompandisha mori ni kwamba sentensi ile ilikuwa kweli. Ndani ya uzio hapakuwa na kisima hata kimoja. Wangeweza kuandika vilevile kwamba hakuna athari kwa nyangumi. Hawa hawakusema uongo, hawana ujinga huo. Walichukua ukweli mdogo wakauweka mlangoni ukalinde, mkubwa usiingie.

Alisimama bila kuitwa.

"Ndugu zangu, bwawa la tope litakuwa juu ya visima vyenu. Chini yake ni mchanga. Ripoti hii haikulipima, kwa sababu..."

"Mwenzetu ana uchungu wa kazi," Bwana Mpaka alimkatiza kwa upole wake ule, "lakini tukianza upya, kifaa kitachelewa. Moshi utaendelea. Wananchi ndio waamue."

Alijua anachofanya, mtu yule. Ukumbi ulinguruma. Watu waliokuwa wakikohoa miaka yote waliambiwa kwamba aliyesimama mbele yao ndiye anayewanyima pumzi. Mtathmini alijaribu kupaza sauti juu ya ghasia, na pengine angefanikiwa, kwani kulikuwa na wazee wawili watatu wa bondeni waliokuwa wakiwanyamazisha wenzao wamsikie. Lakini safu ya pili mtu alisimama, mikono kiunoni. Dada.

"Huyu nimemlea mimi!" alisema, na sauti ya dobi, iliyozoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya kamba, iliujaza ukumbi. "Nimemsomesha mimi. Akiwa na haki ya kusema, mimi ninayo zaidi. Kifua changu hiki hakina muda wa bwawa. Kaa chini, mdogo wangu. Umetuchosha. Kaa chini!"

Ukumbi ulipiga makofi mpaka vumbi likatoka darini. Mhandisi naye alipiga makofi. Bwana Mpaka hakupiga, alijifanya anapanga karatasi. Mtathmini alibaki amesimama kidogo, uso unamwaka kama aliyepigwa kofi, kisha akakaa. Mbele ya dada aliyemlea angefanya nini kingine? Kifaa kilipitishwa kabla viti havijapoa.

Wiki hiyohiyo alihamishwa kitengo. Walimpa kazi ya kupima kelele za mashine, na waliompa hawakuona kichekesho chochote humo.

Ufunguzi ulikuwa wa fahari, na tusimnyime mtu haki yake: kifaa kilifanya kazi. Moshi ulitoka mweupe, kisha ukawa mvuke tu. Masizi yaliisha madirishani. Vipimo vya hewa vilikuwa vizuri kweli, na yeye mwenyewe alivisoma kwa furaha iliyochanganyika na nyongo. Dada alisimika nguzo mbili uani, akafunga kamba, akaanika mashuka nje, safu kwa safu, jua linayapiga. Jiko la mkaa alilitoa chumbani akampa jirani. Kikohozi kilipungua, kikawa cha asubuhi tu, kikaisha. Alipokutana na mdogo wake alimwambia, "Unaona?" Na mdogo wake akasema, "Naona, Dada," akameza mate machungu, kwa sababu juu ya mteremko bwawa lilikuwa limejaa tope la kijivu, halina hata mfuko wa plastiki chini yake.

Kisha mvua zikanyesha.

Zilipokatika, Dada alikuja ofisini kwa mdogo wake. Hakuwahi kufika hapo. Mkono mmoja alibeba ndoo yenye kifuniko, mwingine furushi. Alilifungua furushi juu ya meza bila kusalimia. Lilikuwa la mashati meupe, na hayakuwa meupe tena. Yalikuwa na rangi ya uji uliolala, yamekakamaa, kwenye kola kumeganda utando wa kunata.

"Sabuni haitoi povu," Dada alisema. "Nimebadilisha sabuni. Nimeyachemsha maji. Bado sabuni inakatika, inaelea kama maziwa yaliyoharibika. Nyumba za wageni zimechukua mashuka yao. Hospitali nao. Na ukiyaonja ni ya chumvi chumvi."

Mdogo wake aliifunua ndoo. Hakuhitaji maabara kumwambia, ingawa alipeleka maji hayo maabara, na jibu likarudi kama alivyolitabiri katika sura ile iliyoondolewa: chokaa na chumvi zilezile za bwawani, na chini yake majina mengine yasiyofaa kunywewa na mtu wala mbuzi. Alilisoma jibu, akamchukua dada yake na ndoo, wakaenda kwa Bwana Mpaka.

Bwana Mpaka aliwapokea kwa kusimama. Akavuta kiti.

"Karibu, mama. Pole sana. Ila kitaalamu, visima vya bonde viko nje ya mpaka wa..."

"Nawa mikono," Dada alisema.

"Samahani?"

Dada aliweka ndoo juu ya meza, juu ya karatasi zake. Akatoa kipande cha sabuni kutoka kwenye upindo wa kanga, akakiweka kando ya ndoo.

"Shati hilo ulilovaa nimelifua mimi miaka yote. Sijakuomba kitu. Leo nakuomba unawe mikono."

Mlango ulikuwa wazi, na makarani walikwisha kusogea. Bwana Mpaka alitabasamu, akaona hakuna aliyetabasamu, akakunja mikono ya shati. Alisugua. Sabuni ilikatikakatika viganjani ikawa utando wa kijivu. Alisugua tena, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuthibitisha jambo. Utando ukamganda mpaka katikati ya vidole. Alitafuta kitambaa kwa macho, na hakuna aliyemletea.

"Tutaomba tathmini mpya," alisema hatimaye, mikono ikiwa hewani. "Ya bwawa."

"Sasa?" mtathmini aliuliza kwa hasira. "Sasa bwawa lipo? Majuzi halikuwepo. Ulikuwa na sura yangu mkononi! Kutandika shimo tupu ni kazi ya wiki chache. Hilo lililojaa utalitandika vipi? Na maji yaliyokwisha kuingia ardhini, utayaita yarudi?"

Bwana Mpaka alikuwa akiitazama ramani ukutani, ule mstari mwekundu, kama anayefikiri ausogeze wapi.

Waliondoka na ndoo yao, kila mmoja ameshika upande mmoja wa mshikio, maana ilikuwa nzito. Walikwenda mpaka karibu na shule ulipofanyika mkutano. Hapo Dada alisimama.

"Kwa nini hukupiga kelele zaidi?" aliuliza, kwa ukali, kana kwamba anadai. "Ulijua. Kwa nini hukupiga kelele mpaka tukasikia?"

"Nilikuwa nimesimama, Dada. Wewe ndiye uliyeniambia nikae."

Dada aliuachia upande wake wa ndoo, ikatua vumbini. Mdogo wake alingoja, bado ana hasira, na hakuwa na nia ya kumrahisishia. Kisha Dada akainama, akashika tena upande wake wa ndoo, wakateremka kuelekea bondeni. Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe pee, bila doa. Njia nzima Dada hakukohoa hata mara moja.