Rudia Mara Moja Tu, Mwanangu

Asubuhi ile mtumbwi wa bati uliposhushwa kutoka kwenye sleji ya mume wangu, ile inayokokotwa na mbwa, nilisema, tena kwa sauti.

"Aipili, mtu haendi ukingoni, barafu inapoishia baharini, bila mtumbwi. Hata mjinga wa kwenu anajua."

"Mama anasema mtumbwi unaharibu picha," akajibu, huku anafungua kamba.

Mama! Mama mwenyewe ni Ulayuk, binti wa binamu yake, kazaliwa juzi, kipini puani. Lakini alizaliwa mara tu baada ya mama mkwe wangu kufa, akapewa jina lake, na kwetu jina haliji tupu, huja na mwenyewe. Tangu binti huyo alipokuwa akibebwa mgongoni, Aipili anamwita mama, anamtengea ini la sili, na hajawahi kumwambia hapana. Kwangu mimi ni mkwe. Nilimnunia akiwa mzee, nikaja kumnunia tena akiwa mtoto.

Ulayuk amekulia mjini Ottawa, anatengeneza filamu za maisha ya watu. Keshawapiga picha wachimba makaa waliostaafu, watawa wanaofuga nyuki, vipofu wanaocheza mpira wa magongo juu ya barafu. Sasa ikawa zamu yetu. Alitaka mwindaji wa kale: mbwa, manyoya, mkuki, bati lisionekane. Kinasa sauti kisicho na waya akakificha ndani ya koti la Aipili, mimi nikavishwa visikilizio ili nimfasirie, maana lugha yetu anaijua ya kuombea chai tu.

Basi mtumbwi ukabaki hemani kwetu, mbali huko pwani, nasi tukaenda, Aipili na mbwa wake, mimi na Ulayuk kwa pikipiki ya theluji. Upepo ulikuwa unatoka baharini, unaibana barafu kwenye nchi kavu, kwa hiyo nikanyamaza. Aipili akapita na mbwa wake kwenye ukingo, akarudi. Ilipendeza, sikatai.

Kisha upepo ukatulia. Utulivu ule sikuupenda hata kidogo. Mbwa hawakutaka kulala, na kule mbele anga ilikuwa nyeusi kwa chini, kama inavyokuwa juu ya maji yaliyo wazi. Nikahisi baridi kisogoni. Upepo sasa ulikuwa unatoka nchi kavu.

"Jua lilijificha," Ulayuk akasema. "Rudia mara moja tu, mwanangu."

Neno hilo la mwanangu alijifunza mapema, na alijua linafanya kazi gani.

"Mkwe, upepo umegeuka," nikamwambia. "Barafu itakatika."

"Dakika mbili tu jamani! Unainunia kamera utadhani mke mwenzio."

Nikamgeukia mume wangu. "Aipili, wewe si kipofu. Mkatalie!"

Alitazama anga. Aliiona vizuri kuliko mimi, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Angeombwa na mwingine yeyote, angecheka akaenda kuchemsha chai.

"Mama hajaniomba kitu kikubwa," akasema, akawaita mbwa, akarudi nao ukingoni.

Loh, niliogopa. Nilisimama nimeshika visikilizio kwa mikono yote miwili, namsikia anavyohema, namsikia anawabembeleza mbwa. Ufa ulipofunguka haukutoa mlio wowote. Ulikuwa mstari mweusi kati yetu na yeye. Nikapiga kelele, mbwa wakaimeza sauti kwa kubweka. Nilipoukimbilia ulikuwa umeshakuwa mpana kuliko mlango, na kipande alichosimamia kilikuwa kinaondoka taratibu, pamoja na mbwa na sleji.

Masikioni mwangu mbwa walinyamaza. Aipili akasema, "Ee," polepole. Alikuwa keshaona. Halafu akasema jingine, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa.

Ulayuk alikuwa bado ameweka jicho kwenye kamera. "Anasemaje? Mwambie aendelee hivyohivyo, inatoka vizuri mno!"

Nikamkamata kidevu, nikamgeuza uso. Akaona maji. Akawa anauliza afanye nini, afanye nini, ananiuliza mimi.

Mtumbwi ulikuwa hemani. Nikavua visikilizio nikamvalisha yeye, nikambana navyo masikio asije akavitoa.

"Msikilize mwanao," nikamwambia. "Anauliza, 'Mama, imetosha?'"

Nikawasha pikipiki ya theluji nikaelekea pwani, na njia nzima upepo ulinipiga usoni.