Kombe la Bega la Bibi Wankyo

Tangu garini, walipokuwa wakitoka Butiama, Bibi Wankyo alikuwa amekwisha kuamua: atasema ameanguka kutoka kwenye kigoda. Akisema kweli, mwanawe Lameck atampeleka ng'ombe wake Kijivu mnadani kabla ya juma kwisha. Na Kijivu alikuwa uzao wa mwisho wa ng'ombe wa mahari ya Tereza, binti yake aliyefariki. Kila alfajiri, akimkamua, Bibi Wankyo alimweleza yale ambayo angemweleza Tereza.

"Kigoda?" aliuliza Daktari Hasna hospitalini Musoma, akiinua picha ya eksirei kuelekea dirishani. "Kwani kilikuwa juu ya paa, Bibi?"

"Kilikuwa chini. Mzito ni mimi."

Daktari alicheka, kisha akawaonyesha ufa katika kombe la bega, ule mfupa mpana wa mgongoni. Vipande havikuachana, mbavu na mapafu vilikuwa salama, upasuaji haukuhitajika. Mkono ungening'inizwa kifuani kwa kitambaa, na maumivu yakipungua angeanza mazoezi ili bega lisigande.

"Lameck, tupishe kidogo," alisema. Lameck, aliyelifunga duka lake la vipuri kule Bunda ili amlete mama yake, akatoka.

Daktari akavuta kiti. "Bibi, mfupa huu umefunikwa na nyama nene. Hauvunjwi na kigoda. Huvunjwa na gari, au na pigo zito. Jenipher hapa, karani wetu, amekwisha kuingiza kwenye kompyuta msimbo wa kombe la bega lililovunjika, S42.1. Uko msimbo wa pili, wa kilichokuumiza, na huo siwezi kuubuni. Je, kuna mtu nyumbani anayekupiga?"

Mwanzoni Bibi Wankyo hakuelewa. Kisha akautazama mlango aliotokea Lameck, akaelewa vizuri mno. Lameck! Aliyempakata njia nzima asitikiswe na mashimo!

"Mwanangu hajawahi kupiga hata kuku," alisema. "Ni ng'ombe. Amezaa juzi. Nilipita kati yake na ndama, kosa ambalo kwetu hata mtoto halifanyi. Nilidhani kwa kuwa ni mimi, hatanigusa. Akanibamiza nguzoni."

Jenipher alichapa: kupigwa na mnyama. "Pole, Bibi. Ndama ni jike au dume?"

"Jike," alijibu Bibi Wankyo, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Lameck alirudishwa ndani, akaelezwa.

"Nilisemaga, mama. Nilisemaga huyu atakuja kukuua."

"Basi muuze," alisema mama yake, akitazama pembeni.

"Nimuuze? Na ndama wa Tereza anyonye wapi?"

Alfajiri iliyofuata, Bibi Wankyo aliketi zizini, safari hii kweli juu ya kigoda, mkono kifuani. Kijivu alifungwa miguu ya nyuma, ndama wake akiwa mbele yake. Lameck alichuchumaa, akavuta chuchu, hakikutoka kitu.

"Taratibu! Hiyo si kamba ya kisima. Zungumza naye kwanza."

"Nimwambie nini, mama? Bei ya plagi?"

"Mwambie habari za nyumbani."

Lameck aliegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe. "Dada yangu," alianza kwa haya, "mama ameumia bega, lakini atapona."

Maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo.