Korongo na Sheria ya Pua

Shangazi amepiga picha za pasipoti kwa miaka ishirini na sita na hajarudishiwa hata pua moja. Ndiyo maana picha yake ya korongo iliporudishwa mara ya pili, alikunja uso kama aliyelishwa limau kwa nguvu.

Ilikuwa ya jalada la kitabu cha sayansi cha watoto. Mhariri alitaka ndege aonekane waziwazi, bila ukungu, na alitoa mwisho: kesho saa sita mchana, la sivyo jalada linakwenda kwa mtu mwingine. Shangazi alilitaka kufa na kupona. Sura maelfu zimepita mikononi mwake na hakuna aliyewahi kuuliza nani kazipiga. Jalada huandikwa jina la mpiga picha.

Lawama zote aliitwisha kamera mpya ya dijitali. Ya zamani, alisema, ilikuwa na adabu. Hii ina vitufe vingi kuliko akili. Asubuhi hiyohiyo tukabeba stendi na lenzi ndefu kama mguu wa meza hadi bwawani, nyuma ya karakana ya mabomba. Korongo alikuwapo, kasimama kwa mguu mmoja kama karani anayengoja chai. Shangazi akapiga picha arobaini, huku akimnong'oneza kwa mazoea ya studio atulie na asiinamishe kichwa.

Nikazikuza kwenye kioo cha nyuma ya kamera, moja baada ya nyingine. Ncha ya mdomo ilikuwa wazi hata mikwaruzo yake ungeihesabu. Jicho lilikuwa ukungu mtupu. Zote arobaini.

Hapo nikaelewa, lakini nikasita kusema, maana kumkosoa Shangazi ni kuchokonoa mzinga kwa kijiti. Studio yetu ina sheria: kile kiboksi kwenye kioo, kinachoiambia kamera iweke wazi wapi, kikae puani. Kwa binadamu haidhuru, pua na jicho ni majirani. Lakini lenzi ndefu ni bahili. Huweka wazi kipande chembamba tu, na kinachobaki nyuma hukisahau.

"Shangazi, unamlenga puani."

"Nimlenge wapi, kisogoni?"

"Jichoni. Huyu pua yake inafika kabla yake."

Nikangoja kuchambwa. Badala yake akauliza, kwa sauti ndogo nisiyoizoea, kiboksi kinasogezwaje. Nikamwonyesha kitufe kinachosukumwa kwa kidole gumba. Korongo akapiga hatua mbili. Shangazi akamfuata, kiboksi kimeng'ang'ania jicho, akabofya mara tatu kabla ndege hajaruka zake.

Ya kwanza, korongo kafumba jicho. Ya pili, kageuka. Ya tatu ilikuwa na jicho la manjano, kali, la mtu anayekudai maelezo. Shangazi aliitazama muda mrefu, kisha akaipangusa kamera kwa upindo wa kanga yake, mara ya kwanza tangu inunuliwe.

Kesho yake saa nne mhariri aliikuza hadi jicho likajaa kwenye kompyuta, akakubali, akauliza jina liandikweje. Shangazi akamtajia herufi kwa herufi. Kisha mhariri akataka kujua mbona ncha ya mdomo ina ukungu kidogo.

"Kijana wangu," Shangazi akamwambia kwa upole, "sisi wazoefu hulenga jichoni."

Mimi nikatazama dari.